Tope Kwenye Namba ya Gari

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa. Si na mtu, na gazeti. Ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la magodoro: kuanzia wiki hii, dereva yeyote atakayeficha namba za gari lake kwa kuzipinda, kuzipaka kitu, kuzifunika au kwa "hila nyingine yoyote" atanyang'anywa leseni miezi sita, na gari litashikiliwa siku thelathini. Zamani ilikuwa faini tu na karipio la dakika mbili. Sasa leseni! Sasa gari! Kwa ajili ya kibao cha bati!

"Hila nyingine yoyote." Nani anaandika hivi? Mtu mwenye roho mbaya. Mtu anayenifahamu.

Mke wangu aliisoma habari yote wakati wa chai, kwa sauti ile anayowasomea watoto wa darasa la pili. Alipofika kwenye "kuzipinda" akanitazama, akanywa funda moja. Nikamweleza kwa mara ya mia kwamba kibao cha mbele kilipindwa na nguzo. Akauliza kama nguzo hiyo ilitumia koleo. Kuna maswali yasiyostahili jibu.

Na iandikwe hapa, maana hapa angalau sikatizwi: mimi sipingi sheria. Ninapinga kamera. Mimi ni mpiga picha, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nimepiga maharusi, wahitimu, watu wa pasipoti, hata ng'ombe mmoja aliyeshinda kwenye maonyesho. Sijawahi kumpiga mtu bila ridhaa yake. Lakini ile kamera ya kwenye taa za hospitali imenipiga mara nne! Wakanitumia picha nyumbani. Aibu tupu. Mwanga unatoka nyuma. Barabara imelala upande kama inateleza. Mimi mwenyewe nimeachama kama mtu anayetafuta chafya. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili kuhusu ubora wa kazi yao. Wakajibu kwa kunitumia picha ya tano.

Fundi wa picha ana haki ya kutopigwa picha mbaya. Nitapambana.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: tope. Tope si kosa la mtu. Tope ni hali ya hewa.

Nikachanganya udongo kwenye beseni la kufulia la mke wangu mpaka ukawa mzito kama uji. Nikapaka kwa brashi niliyochorea pazia la studio, lile lenye maporomoko ya maji. Sikubandika tope ovyo kama mtu asiye na kazi. Nililitandaza. Nane ikawa kama tatu, tatu ikawa kama doa. Nilirudi nyuma hatua tano, nikafumba jicho moja. Safi kabisa! Yaani, chafu kabisa.

Tatizo: mvua haijanyesha wiki sita. Gari lote jeupe pe, kibao cheusi ti. Jirani akasimama kuuliza kama gari limekalia kitu. Basi ikabidi nipake gari zima, ili tope lionekane limekuja lenyewe. Mabeseni kumi na moja. Mgongo unaniuma hadi sasa.

Tabasamu alikuwa ananitazama muda wote kutoka mlangoni kwake. Huyu Tabasamu nilimfundisha kazi mimi, miaka mitatu, hata kushika kamera hakujua. Halafu akafungua studio ng'ambo ya barabara, tena yenye mlango wa kioo! Jina hilo amelipata kwa kuwaambia watu "tabasamu" hata kwenye picha za pasipoti. Akauliza kama nimetoka safari. Nikasema ndiyo, mbali sana. Akasema, "Pole na uchovu, mwalimu." Bado ananiita mwalimu. Kejeli hiyo. Na kila asubuhi hufuta namba za gari lake kwa kitambaa. Nani anafuta namba? Mtu anayejipendekeza kwa serikali.

Jioni nikapita kwenye taa za hospitali mara mbili nikiipungia kamera mkono. Mara ya pili taa zilikuwa nyekundu. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi

Msiba.

Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Amekuja kwa harusi ya binti yake mdogo, shemeji yangu, itakayofanyika Jumapili, ambayo picha zake napiga mimi. Mama mkwe haamini katika kukaa bure. Leo ameamka kabla ya watu wote, akaliona gari, akalihurumia. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa nyuma ya bampa akikisugua kibao kwa jivu. Saa mbili nzima! Kibao kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Tarakimu zinasomeka kutoka kwenye kona ya duka la dawa. Tena alikikunjua kile cha mbele! Kwa mikono!

Akasema, "Mwanangu, unafanya kazi sana. Hata muda wa kuosha gari huna."

Nikamshukuru. Ningefanyaje? Ni mama mkwe. Nilimshukuru mara tatu huku damu ikinichemka. Mke wangu alikuwa dirishani, amejifunika uso kwa kanga. Alisema anapiga chafya.

Mchana ikaja barua kutoka ofisi ya trafiki. Moyo ulinipasuka paa! Kumbe ni kazi. Wanazindua kampeni Jumamosi, "Onyesha Namba Yako", wanataka mpiga picha. Nikajiona mtu. Halafu nikaona kupitia kioo Tabasamu naye anasoma barua ya bahasha ileile. Heshima gani hii wanayomgawia kila mtu?

Nikaenda. Niliegesha gari kwa kulirudisha nyuma hadi ukutani, hata karatasi isipite. Msimamizi wa kampeni ni sajenti mmoja mama, mtaratibu, mwenye macho yasiyokuwa na haraka. Nilipoingia akainuka kunisalimu. Ukutani, juu ya meza yake, picha ya harusi. Nikaijua mara moja: kazi yangu! Miaka kumi na moja iliyopita. Alisema siku ile alikuwa amelia asubuhi nzima, macho yamevimba, nami nikamgeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, ndugu zake hawakujua mpaka leo. Alisema mtu anayeweza kumsitiri mwingine namna ile ni mtu mwaminifu. Kazi ni yangu. Tabasamu hakuulizwa hata swali moja!

Kisha akanieleza sababu ya sheria. Mwezi uliopita, pale kwenye taa za hospitali, muuguzi aliyekuwa anatoka zamu aligongwa na gari lililopita taa nyekundu. Mguu umevunjika mara mbili. Dereva alikimbia. Kamera ilimpata, lakini namba ilikuwa imepakwa matope, hakuna kilichosomeka. Muuguzi bado amelala kwenye wodi ileile aliyokuwa anahudumia.

Nilikasirika mno. Nikapiga meza. Mshenzi gani anaweza kufanya hivyo? Nilimwambia afande watu kama hao wafungwe. Akasema amefurahi kupata mtu mwenye uchungu na jambo hili.

Usiku huu... hapana, nitalala vizuri tu. Yule dereva na mimi hatufanani hata kidogo. Yeye alipaka tope ili akimbie. Mimi napaka kwa sababu za kitaaluma.

Alhamisi, 6 Machi

Afande anataka picha tatu za mfano: namba yenye tope, namba iliyopindwa, namba iliyofunikwa. Zichapishwe kwenye bango kubwa. Nilizunguka mjini asubuhi nzima kutafuta. Hakuna! Watu wote wamesoma gazeti. Waoga. Mji mzima namba zinang'aa.

Ndipo nikapata wazo ambalo kwa kweli nilijipigia makofi. Gari ninalo. Tope ninalo. Koleo ninalo. Nani atajua? Nikafanya kazi nyuma ya studio tangu saa sita hadi saa tisa. Tope upya. Kibao cha mbele nikakipinda upya (kwa huzuni, kwa ajili ya taifa). Picha nilizipiga kwa karibu, tarakimu zote hazisomeki, bampa tu na kibao. Mwanga wa pembeni. Unaona hata nyufa za tope linapokauka. Katika maisha yangu sijapiga picha nzuri kama ile ya tope.

Ya tatu, iliyofunikwa: riboni nyekundu na kadi ya "MAHARUSI" kutoka kwenye boksi langu la kazi. Nilipomaliza sikuiondoa. Kwa nini niiondoe? Harusi ya shemeji ni Jumapili. Mtu hawezi kupamba gari mapema? Sheria haijasema siku ngapi.

Nikatoka nayo barabarani. Jambo la ajabu! Watu wanapisha. Wanapiga vigelegele. Askari wa trafiki kwenye mzunguko alinipigia saluti. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini sikufanya hivi miaka yote, nilipotazama kioo na kuona magari saba nyuma yangu, yamewasha taa, yanapiga honi. Nikakata kushoto. Yakakata kushoto. Nikaongeza mwendo, nayo yakaongeza. Nikaingia kichochoro cha mashine ya kusaga ili niyapoteze. Yakaingia yote saba! Kichochoro kile hakitokei popote.

Kumbe ni msafara wa harusi ya watu. Walipotezana na gari la kuwaongoza kwenye taa, wakaliona langu. Mjomba wa bwana harusi alishuka na suti ya rangi ya maziwa, unga ukamwangukia begani, akaniuliza ukumbi uko wapi. Nikasema sijui. Akauliza bibi harusi yuko wapi. Nikasema sina. Akauliza sasa mimi ni nani. Hilo swali, kwa namna alivyoliuliza, sijalisahau mpaka sasa.

Magari saba yalirudi kinyumenyume, moja baada ya jingine, dakika hamsini. Msafara ulifika ukumbini wageni wameanza kula. Wakanilaumu mimi! Watu wanaofuata gari wasilolijua wanamlaumu mwenye gari!

Ijumaa, 7 Machi

Nilipeleka picha. Afande alizitandaza mezani, akaita wenzake wanne waje waone. Wakainamia meza. Ile ya tope ikachaguliwa papo hapo kuwa bango, urefu wa mlango na nusu. Akauliza nimelipata wapi gari la aina hiyo. Nikasema mtaani. Si uongo. Studio iko mtaani.

Jioni nikatangaza nyumbani. Mama mkwe akafurahi kuliko wote. Akasema lazima aje kesho aone kazi ya mkwe wake, atavaa kabisa gauni lake jipya la kwenda harusini, siku moja kabla. Mke wangu akaniuliza kando kama namba za gari ziko wazi. Nikamjibu kwa ukali kwamba simwelewi. Akasema anauliza tu, maana amekuta udongo kwenye beseni lake tena.

Mtu unaheshimiwa na ofisi nzima ya serikali, unachunguzwa na mke wako!

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika polepole.

Uwanja wa ofisi ya trafiki ulijaa. Viti, turubai, wakuu wawili, madereva wa malori, muuguzi mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu na mguu ukiwa umenyooshwa mbele umefungwa plasta. Tabasamu naye alikuwepo, amesimama nyuma na kamera ndogo, eti amekuja kujifunza. Gari langu nililiacha nje ya geti, riboni zake zikipepea.

Afande alihutubia. Akanitaja! Akasema mpiga picha huyu ameonyesha jinsi tope dogo linavyoweza kumficha mtu mwenye kosa kubwa. Makofi. Pazia likavutwa. Bango likafunuka. Watu wakaguna kwa mshangao. Nilikuwa najiandaa kuinama kidogo, kwa adabu.

Mama mkwe akasimama. Kwa furaha! Akawageukia watu wote, akalionyesha bango kwa mkono.

"Jamani, hilo gari la mkwe wangu! Oneni lile bonde kwenye bampa, kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Tope hilo nimelisugua mimi mwenyewe Jumatano, saa mbili nzima, kwa jivu. Alhamisi likarudi!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Afande hakupayuka. Ningeweza kumjibu angepayuka. Alitembea taratibu hadi nje ya geti, nasi wote nyuma yake, akainama, akaifungua riboni fundo moja moja bila kuikata. Akainua kadi, akafuta tope kwa kidole gumba. Akasoma namba kwa sauti. Mwenzake akatazama kwenye daftari: picha tano pale hospitali, na ya sita ya Jumanne isiyosomeka, lakini mtu ndani anapunga mkono.

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama ni mimi niliyemgonga muuguzi. Nikaapa siyo. Afande akasema anajua siyo. Gari lililomgonga lilikuwa la bluu. Kisha akaniambia, taratibu, nikasikia mimi peke yangu, "Tofauti yako na yule ni kwamba Jumanne hakukuwa na mtu anayevuka."

Muuguzi alikuwa ananitazama. Nilitazama viatu vyangu.

Leseni, miezi sita. Gari, siku thelathini. Na kabla hajaingia ndani afande akasema ile picha ya harusi ataibakiza ukutani, kwa sababu ni nzuri, ila hatawaambia tena watu nani aliipiga. Hiyo iliniuma kuliko gari. Sijui kwa nini naiandika.

Wamenipaka matope, mbele ya umma! Bango wanalibakiza. Litapelekwa kwenye kila makutano. Kazi yangu bora kabisa, na jina langu hawaandiki!

Jumapili, 9 Machi

Nimepelekwa harusini na Tabasamu. Kiti cha nyuma, katikati ya stendi za taa, keki magotini. Alikuja mwenyewe asubuhi, akasema amesikia, tusihangaike, nafasi ipo. Hakucheka hata kidogo. Ningependelea angecheka. Njia nzima alisimama kwenye kila taa, hata ya njano. Tulifika kabla ya wakati. Uzembe wa namna gani huo, kufika kabla ya wakati?

Sikuweza kutulia nikapiga picha. Mama mkwe alijifungia chumbani kwake tangu jana hadi tulipoondoka, na ukumbini sikumwona. Mke wangu alinijia ukumbini, na hakuniita baba watoto kama kawaida. Aliniita "mume wangu", jina ambalo hulitumia akikasirika. Akasema mama yake analia tangu jana, anadhani yeye ndiye aliyemharibia mkwe wake kazi, anataka kurudi kwao kesho alfajiri, hata sherehe haoni raha. Akasema, "Umemwacha aamini hivyo siku nzima." Halafu akaondoka.

Nilimpa Tabasamu kamera. Ndiyo, nilimpa. Nikaenda kumtafuta mama mkwe. Alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, kwenye kreti la soda, gauni lake jipya limekunjwa magotini. Nikakaa chini, sakafuni. Nikasema, "Mama, kosa ni langu. Si lako. Tope nililipaka mimi, mara zote mbili. Na kile kibao nilikipinda mimi kwa koleo."

Akasema, "Hata nguzo?"

"Hakukuwa na nguzo, mama."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka, akaniambia nisimame, sakafu ina baridi. Tukaingia ndani. Alicheza na binti yake mpaka viatu vikamshinda. Picha ya kucheza kwake kaipiga Tabasamu. Nimeiona. Ni nzuri. Nimemwambia mwanga ungeweza kuwa bora.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekuwa mtu mpya.

Fundi gari wangu, ambaye sasa hana gari langu la kutengeneza, amenipatia baiskeli. Nyeusi, imara, kengele inalia. Na nimegundua jambo ambalo wakubwa wote hawakuligundua: baiskeli haina namba! Nyuma hakuna. Mbele hakuna. Chuma kitupu cha Mungu!

Wiki nzima nimepita kwenye taa za hospitali nikiwa nimenyoosha mgongo. Ijumaa mara nne. Kamera inapiga, inapiga, haipati kitu isipokuwa mtu mwenye heshima zake anayetabasamu. Jumamosi muuguzi alikuwa kwenye benchi la nje na magongo yake, akaniona, akatikisa kichwa. Nadhani hakunitambua. Leo nimesimama, lakini ni kwa sababu mnyororo ulichomoka.

Mke wangu ameniletea gazeti sasa hivi, ameliweka mezani bila neno. Ukurasa wa tatu. Kuanzia mwezi ujao baiskeli zote zitasajiliwa na kupewa kibao kidogo, nyuma ya kiti.

Wananiandama! Mtu mmoja, baiskeli moja, na wametunga sheria nzima! Kesho nitaandika barua ya kurasa nne.

Nimepita kwa fundi jioni hii. Nimeagiza kikapu cha nyuma. Kipana, kinachoning'inia chini kidogo ya kiti, chini ya kawaida. Fundi ameuliza ni cha kubebea nini. Nikamwambia stendi za kamera. Ameuliza mbona nimepima urefu wa kikapu na sikupima stendi.

Watu siku hizi wana maswali!